Chombo Kikuukuu Huhukumiwa na Maji

Ukizunguka pwani ya Unguja, kuanzia Nungwi hadi Mkokotoni, ukashuka Malindi hata ukafika Fumba na Kizimkazi, hutakosa kuona chombo cha mbao kilichopandishwa pwani wakati wa bamvua kikaachwa hapo. Mbao zimekauka zikaachana, pamba ya kalafati imetoka nje, na kila penye msumari pana doa jeusi la kutu. Wengi wakipita huona kuni. Wapo wachache wanaosimama, wakakizunguka mara mbili, wakainama kutazama kama mkuku umenyooka, kisha wakamuuliza mwenyewe bei. Huyo atakayekinunua hatakuwa na raha tena. Akishaanza kukifumua watamjia wenye vyombo wenzake na mafundi wa upande wa pili, na kila mmoja atakuwa na neno: ubao ule ungefaa uwe wa mvule, taruma hili limekatwa vibaya, mashine hiyo ni kubwa mno, rangi hiyo inaficha kitu. Ubishi huu wengine huuona ni husuda ya pwani iliyozoeleka. Mimi nauona ni hazina. Ninachotaka kukionesha hapa ni kwamba ufundi wa vyombo vya mbao katika bahari yetu umebaki hai zaidi kwa sababu ya watu wanaoshindana kuvifufua kuliko kwa sababu ya makumbusho yoyote, na kwamba ushindani huo una faida maadamu mwamuzi wake ni maji.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu asiyejua kazi hawezi kujua wanagombania nini. Chombo cha mbao kikikaa juani muda mrefu hupungua. Ubao hunyauka, na kati ya ubao na ubao huingia mwanya wa kupitisha kidole. Mtu mgeni na mambo haya hudhani kimekufa, akaanza kujaza gundi na simenti kila mahali. Fundi mwenye uzoefu hufanya kinyume chake. Kwanza hugonga kila ubao kwa nyundo na kusikiliza, kwani ubao mzima hulia na ubao uliooza hunyamaza. Hutoa misumari michache kutazama hali yake, maana chuma kikipata kutu ndani ya mbao ngumu, kutu ile hula mbao zinazokizunguka, na tundu hupanuka mpaka msumari unabaki haushiki kitu. Hapo hakuna faida ya kugongomea msumari mpya katika tundu la zamani. Tundu hilo huzibwa, likatobolewa jengine pembeni kwa keekee. Mataruma yaliyovunjika hubadilishwa kwa vipande vya mti vilivyojipinda vyenyewe porini, kwa sababu mti uliokatwa kwa msumeno ukapewa pindo la kulazimisha hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Ndiyo maana fundi wa Nungwi akitembea shambani hutazama tawi la mfenesi au la mwembe kwa jicho ambalo mkulima hana.

Baada ya hapo huja kalafati: pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta, ikapigwa ndani ya nyufa kwa patasi butu, kwa mkono wenye kipimo. Ikipigwa kidogo maji huingia. Ikipigwa kupita kiasi, ubao ukivimba majini husukumana na mwenzake na kung'oa misumari. Juu ya mbao hupakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa yenye harufu isiyosahaulika, na chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta, ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Zamani, na hata sasa mahali pengine, kabla ya kupaka deheni chombo huchomwa kwa makuti chini ya tumbo lake, moto wa haraka unaoua wadudu bila kuunguza ubao. Siku ya kukishua, chombo huingia maji, na mwenyewe hana budi kustahamili. Siku ya kwanza watu hukaa na upo mkononi wakifua maji ya ngama, kisha mbao huvimba na nyufa hujifunga. Kama kazi ilikuwa nzuri, baada ya siku chache ngama hukauka. Kama ilikuwa mbaya, hakuna rangi itakayoificha. Kipimo hiki ni kikali kuliko kamati yoyote, na kwangu mimi ndicho kinachoutofautisha ushindani wa mafundi na ushindani wa mavazi.

Mambo huwa magumu zaidi inapoingia mashine. Vyombo vingi vinavyofufuliwa leo Unguja vilizaliwa kwa ajili ya tanga na sasa vinatiwa injini, ama ya nje inayoning'inizwa tezini, ama ya dizeli inayowekwa ndani na kuzungusha rafadha kwa shafti. Dau lenye ncha mbele na nyuma halina pa kuifunga mashine ya nje. Hulazimika kukatwa tezi au kufungiwa kiunzi ubavuni, na kila njia ina wapinzani wake. Mtetemo wa injini nao ni adui mpya ambaye wajenzi wa kale hawakumjua. Upepo hukibeba chombo chote kwa pamoja, lakini injini hulitikisa tezi peke yake, saa baada ya saa, na kalafati iliyokuwa ikidumu misimu kadhaa hulegea mapema. Fundi mzuri huongeza mataruma na boriti chini ya kitako cha mashine ili nguvu igawanyike. Fundi wa haraka hufunga mashine juu ya mbao zilizopo, akapokea fedha zake, na mwenye chombo akabaki kushangaa kwa nini tezi linavuja.

Na hapa ndipo majivuno yanapowaponza watu. Mmoja akitia mashine ya nguvu za farasi 15, jirani hutia 25, na wa tatu hutia 40. Fizikia ya maji haiwaungi mkono. Chombo kizito kisichoinuka juu ya maji hutengeneza wimbi lake chenyewe, na mwendo wake hukomea pale wimbi hilo linapolingana na urefu wa chombo. Kwa chombo chenye mita 9 kwenye mstari wa maji, kikomo hicho ni kiasi cha maili 7 za bahari kwa saa. Kukisukuma zaidi ya hapo ni kuchoma petroli ili kuchimba shimo majini. Hata kabla ya kufikia kikomo, kutoka maili 6 hadi 7 kunadai nguvu zaidi kwa nusu nzima au kuliko hiyo, kwa sababu nguvu inayohitajika hupanda haraka kuliko mwendo. Anayetaka kumshinda jirani kwa chombo cha aina hii angefaa asugue tumbo la chombo, anyooshe mkuku, apunguze uzito wa juu, na achague rafadha inayolingana na mashine yake. Hayo ni mambo ya ufundi, na ndiyo yanayostahili kushindaniwa. Mashine kubwa inaweza kununuliwa na yeyote mwenye fedha.

Ushindani wa namna hii haukuzaliwa kwetu peke yetu. Nchini Marekani kuna jumuiya nzima ya watu wanaofufua boti za mbao za mashine kwa mapenzi tu, bila kutafuta riziki. Chama chao cha vyombo vya kale kilianzishwa mwaka 1975 huko Lake George, New York, na kwenye ziwa Tahoe maonesho ya boti za mbao yamekuwa yakifanyika tangu 1972. Zinazopendwa zaidi ni boti za kampuni ya Chris-Craft, iliyoasisiwa na Christopher Columbus Smith huko Algonac, Michigan, na zile za Gar Wood. Ulaya wanazitukuza Riva za Sarnico, Italia, hasa aina ya Aquarama iliyotoka mwaka 1962. Waamuzi huzunguka kila boti na karatasi za alama. Hutenganisha chombo kilichohifadhiwa na mbao zake za awali na chombo kilichorejeshwa kwa mbao mpya, na hukata alama kwa kila kitu kisichokuwapo siku boti ilipotoka kiwandani: parafujo ya aina nyengine, rangi isiyolingana, kitambaa cha kiti kisicho chake. Wenye boti huzozana kwa miaka juu ya mambo hayo. Wako wanaosema boti iliyobadilishwa sehemu yake yote ya chini si tena ile ya zamani. Wako wanaosema boti isiyoweza kuelea haifai kuitwa boti. Kwa kiwanda kilichotengeneza boti nyingi kwa mfano mmoja na kutunza kumbukumbu za kila moja, kipimo cha uasili kina maana, kwa kuwa kuna kitu cha kulinganishia.

Kwetu kipimo hicho hakina pa kushika. Mashua ya Unguja au ya Lamu haikutoka kwenye mchoro wa karatasi. Ilitoka kwenye jicho la fundi, kwa mti uliopatikana mwaka huo na kwa mahitaji ya mtu aliyelipia. Hakuna mbili zinazofanana. Tena aina zenyewe zimekuwa zikibadilika tangu zamani. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, chenye tanga la mkeka, ulikuwa ukibeba boriti kutoka visiwa vya Lamu hadi Unguja katika karne ya 19. Jahazi la misumari na tezi la mraba likauondoa baharini, na tezi hilo la mraba wataalamu wengi huliona kuwa ni athari ya meli za Kizungu. Bahari ya Hindi imekuwa ikikopeshana ufundi muda wote. Kwa hiyo anayemlaumu mwenzake kwa kutia mashine katika dau la babu, eti ameliharibu uasili, anadai utulivu ambao chombo hicho hakijawahi kuwa nao. La kumuuliza ni kama mabadiliko yamefanywa kwa kuelewa umbo la chombo, au yamefanywa kwa kulilazimisha.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko Kigoma. Meli ya Liemba iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifumuliwa, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa reli na kuunganishwa upya kando ya ziwa Tanganyika, ambako ilishuliwa mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakaiachia adui, lakini kabla ya hapo mafundi wake waliipaka mashine grisi kwa uangalifu, kwa matumaini kwamba iko siku itainuliwa. Iliinuliwa na Waingereza mwaka 1924, mashine zikakutwa bado zinafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikatiwa za dizeli, na imekarabatiwa mara nyengine tangu hapo. Ukiipima Liemba kwa karatasi ya alama ya ziwa Tahoe ingekatwa alama nyingi sana. Lakini ni chombo kilichobeba watu wa Kigoma, Rukwa na Zambia kwa vizazi, na kimedumu kwa sababu kila kizazi kilipata mafundi waliothubutu kukibadilisha.

Sasa tutazame upande wa makumbusho, kwani wapo wanaoamini kwamba njia salama ya kuhifadhi ni kukiweka chombo chini ya paa. Baada ya mitepe kutoweka mwanzoni mwa karne ya 20, ujuzi wa kuishona ulitoweka pamoja na mikono iliyoushika. Mwaka 2003 ulijengwa mtepe mpya kwa kufuata mifano na picha za kale, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa ndani ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe. Ilikuwa kazi ya heshima na waliofanya hivyo walistahili shukrani. Hata hivyo Beit al-Ajaib ilifungwa kwa ubovu wa jengo, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa ya mbele ikaporomoka na kuua watu wawili. Oman nao, walipoamua mwaka 2008 kuunda Jewel of Muscat, jahazi la kushonwa kwa mfano wa chombo cha karne ya 9 kilichozama karibu na kisiwa cha Belitung, walihitaji kuwaita washonaji kutoka India, ambako watu wachache walikuwa bado wanaijua kazi ya kamba. Chombo kile kilifika Singapore mwaka 2010. Mambo haya mawili yanafundisha jambo moja: mbao zinaweza kusubiri, lakini mkono hausubiri. Mjenzi wa mwisho akifa bila mwanafunzi, kinachofuata ni kukisia. Mataifa ya Nordiki yalilifahamu hilo, na mwaka 2021 UNESCO ilipoandika vyombo vyao vya mbao katika orodha ya urithi usioshikika, kilichoandikwa kilikuwa ni ujuzi wa kuviunda na mila zake, wala si boti fulani iliyofungiwa mahali.

Na mkono unadumishwa na nini? Na kazi. Kazi inaletwa na nani? Pale Lamu jibu liko wazi kila mwaka. Mashindano ya mashua ya Mwaka Mpya na yale ya tamasha la utamaduni huzifanya jamaa za Matondoni, Shela na Kipungani zipandishe vyombo vyao, zikwangue, zikalafati upya, zibadilishe ubao uliolegea na kushona matanga. Nje ya resi, ukarabati huo ungecheleweshwa mpaka chombo kianze kuzama. Kwetu Unguja, resi za ngalawa mbele ya Forodhani wakati wa Tamasha la Nchi za Jahazi zilikuwa zikifanya kazi hiyo hiyo, na resi za vijijini katika sikukuu huifanya kwa kiwango kidogo. Ukitazama kwa makini utaona kwamba wanaoshindana ni wengi kuliko wanaoonekana baharini. Nyuma ya kila nahodha yupo fundi, nyuma ya fundi yupo aliyempatia mti, na nyuma yao wote kipo kijiji ambacho hakitaki kusikia kwamba chombo cha jirani kimetangulia. Fedheha ya kushindwa ni kodi ambayo mafundi hulipana, na mapato yake ni ubora.

Kuna anayesema, na hoja yake ina uzito, kwamba ushindani huohuo ndio unaozaa usiri. Fundi aliyegundua namna ya kulipinda taruma au kulikata foromali hatamwonesha mwenziwe. Anaingia nayo kaburini. Jambo hili lipo na si dogo. Lakini tujiulize usiri huo una nguvu kiasi gani katika kazi inayofanywa pwani, hadharani, mbele ya watoto wanaotoka chuoni na wazee wasio na shughuli. Chombo hakifichiki. Umbo lake linaweza kutazamwa, kupimwa kwa kamba na kuigwa, na kwa miaka mingi ndivyo ufundi ulivyosambaa kutoka Nungwi hadi Pemba, na kutoka Jibondo na Chole kule Mafia hadi mwambao wa bara. Mpinzani ndiye mtazamaji makini kuliko wote. Hakuna anayekikagua chombo chako kama yule anayetaka kukushinda. Usiri unaua pale tu ambapo fundi hana mwanafunzi, na hilo linatokana na ukosefu wa kazi kuliko wivu. Kijana hujifunza kwa aliye na shughuli. Fundi asiye na chombo cha kutengeneza hana cha kufundishia hata angekuwa mkarimu namna gani.

Pingamizi ninayoiheshimu zaidi inahusu roho za watu. Nani wa Zanzibar atakayesikia habari ya vyombo vikuukuu asikumbuke tarehe 10 Septemba 2011, usiku Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba? Meli ile iliundwa mwaka 1967. Na kabla machozi hayajakauka, tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit karibu na Chumbe, nayo ilikuwa imenunuliwa ikiwa imechoka huko Marekani. Kwa nini basi mtu asifu kufufua vya kale? Ninajibu kwa kutazama sababu za misiba hiyo. Spice Islander ilibeba watu zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa. Skagit iliundwa mwaka 1989 kwa ajili ya ghuba tulivu za jimbo la Washington, ikatumwa kupambana na mawimbi ya kusi katika mkondo wetu. Tuitazame na bara: MV Bukoba ilikuwa na miaka 17 tu ilipozama ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na miaka 14 kilipopinduka Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Liemba, iliyo kongwe kuliko vyote hivyo, bado ipo. Umri peke yake haujavizamisha. Kuzidisha mzigo, kutumia chombo mahali pasipo pake na kukosa ukaguzi wa kweli ndiko kulikoua. Ndiyo maana ninautaka ushindani wa wafufuaji uwe na jicho la Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, kwa sababu chombo kilichofumuliwa na kuonwa ndani na watu kumi wanaotafuta kosa lake kina nafasi ndogo ya kuficha ubao mbovu kuliko chombo kipya kilichonunuliwa kwa imani.

Wengine wataleta habari ya faiba. Katika sera ya Uchumi wa Buluu, Serikali ya Mapinduzi imewagawia wavuvi na wakulima wa mwani boti za faiba, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Mvuvi anayehitaji chombo chepesi cha kwenda na kurudi asubuhi hiyohiyo anafaidika. Faiba haihitaji kalafati wala haili mti. Lakini ikipasuka vibaya inahitaji kemikali zinazotoka nje, na ikifika mwisho wake haiozi wala haichomeki bila sumu. Mabaya zaidi ni mtindo unaoenea wa kukivika chombo kikuukuu cha mbao ngozi ya faiba ili kuepuka ukarabati. Unyevu uliomo ndani hufungiwa, mbao huoza gizani, na mwenyewe hujua siku ngozi inapobanduka. Hapo wafufuaji wanaoipinga faiba wana haki. Hawana haki wanapojifanya kwamba mbao hazina gharama kwa nchi. Mvule mkubwa umekuwa adimu na mikoko imekatwa mno. Kenya ilizuia kupeleka boriti nje mwaka 1982 kwa sababu hiyo. Hata hivyo kukarabati chombo kilichopo kwa kubadilisha mbao chache kunakula mti kidogo sana kuliko kuunda kipya, na chombo kinachotunzwa hudumu miaka mingi. Anayelipenda pori na anayelipenda jahazi wangefaa wawe upande mmoja. Na kama mti utaisha kabisa, mafundi wenye mkono hai watapata njia: mwaka 2018 huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki, likasafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019 kwa umbali wa kiasi cha kilomita 500. Mbao za plastiki zilichongwa na kuunganishwa kwa ujuzi uleule wa mafundi wa Lamu. Malighafi ilikuwa ngeni, na mkono ulikuwa wa siku zote.

Kinachonitia hofu ni kitu chengine. Utalii umeleta fedha pwani, nazo zimeanza kubadilisha mwamuzi. Jahazi la kupeleka wageni kutazama jua likizama Kendwa au kwenda kuogelea Ghuba ya Menai huhukumiwa kwa picha. Mwenye chombo anayetafuta wageni hushindania mito ya kukalia, rangi ya kung'aa na nakshi za mlango zilizopigiliwa ubavuni, na fundi hulipwa kwa kile kinachoonekana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mafundi wanaojua kukalafati vizuri wanapoona kwamba anayepaka rangi juu ya nyufa ndiye anayepata kazi ya pili, watafanya hesabu zao, na hatuwezi kuwalaumu. Ushindani hapo umebaki, tena umekuwa mkali, lakini umekatiwa mzizi. Siwalaumu wageni, kwani hawawezi kujua. Ninawalaumu wenyeji tunaojua na kunyamaza.

Dawa yake si ngumu wala haihitaji fedha nyingi. Waandaaji wa resi za Unguja, na halmashauri za wilaya zinazotoa zawadi siku za sikukuu, waanzishe fungu la vyombo vilivyofufuliwa, vya tanga na vya mashine. Chombo kionwe na wapinzani kabla hakijapakwa rangi. Kishuliwe, kikae majini siku tatu, na maji ya ngama yapimwe mbele ya watu kwa ndoo. Kwa vya mashine, mshindi awe aliyekwenda Mji Mkongwe hadi Mkokotoni na kurudi kwa mafuta machache zaidi, asiwe aliyetia mashine kubwa. Mwenye kampuni ya kuchukua wageni aliyeshinda apewe cheti cha kubandika chomboni, ili fedha za utalii zimfuate fundi hodari. Na jina la fundi lisomwe kwa sauti kabla ya jina la mwenye chombo, pamoja na jina la mwanafunzi wake. Asiye na mwanafunzi asipewe zawadi ya kwanza.